Siku Wazee wa Bisil Walinusa Platini Yangu

Nikipita Bisil siku ya soko kuna wazee ambao wakiniona tu wanafunika pua na mkono, halafu wanacheka mpaka fimbo zinawaanguka, na mimi siwezi kukasirika kwa sababu wako na haki. Nimewahi kuisimulia hii hadithi nikijitetea, mara nalaumu joto la siku hiyo, mara haraka ya Dokta, mara malori ya barabara ya Namanga, lakini sasa nimechoka kudanganya. Kosa lilikuwa langu, lilianza na mkebe mmoja mdogo wa Susu, nyanya yangu, na aibu yenyewe ilitangazwa kwa maikrofoni, nikiwa nimeishika mimi mwenyewe.

Wacha kwanza niwaambie kazi yangu, maana hata mama huwaambia watu kanisani kwamba Mutheu hutengeneza betri, nami nimeacha kumsahihisha. Tuko na maabara ndogo hapa Kitengela, nyuma ya jamaa wa kuchomelea milango ya chuma, na tunachotengeneza ni seli za hidrojeni. Hiyo ni mashine unaiingizia gesi ya hidrojeni upande mmoja na hewa upande wa pili, nayo inakupa stima na matone ya maji, basi, hakuna moshi hakuna kelele. Shida ni kwamba hiyo gesi ni mvivu, haifanyi kitu mpaka isukumwe na kichocheo, na kichocheo kizuri ni platini, ambayo hutufikia kwa vichupa vidogo kama vya dawa ya macho. Kwa hivyo unaigawanya iwe chembechembe ndogo mno, ndogo hata macho hayazioni, ndiyo kidogo ifanye kazi kubwa, vile sukuma wiki ukiikata nyembamba kishada kimoja kinajaza sufuria.

Na vile zinavyozaliwa, aki, mtu angenilipa nitazame hiyo tu maisha yangu yote. Unachukua chumvi ya platini, rangi yake ni ya soda ya machungwa, unaichanganya na unga mweusi wa kaboni ulio laini kuliko masizi ya koroboi, unapasha moto polepole ukikoroga, unangoja, unangoja tena, unaanza kujiuliza kama umekosea vipimo, halafu ule uchungwa unaanza kukimbia na maji yanabaki hayana rangi kabisa juu ya weusi, na hapo unajua chembe zako zimezaliwa na zimeshikilia kaboni kama kupe. Mimi huruka. Nimefanya hii kazi miaka mitatu na bado huruka, na wale jamaa wa milango wakisikia kishindo wanajua leo imekubali.

Ule unga ukishakauka uko na hasira zake. Ukiumwagia spiriti ukiwa mkavu, unaweza kuwaka wenyewe, bila kiberiti. Kwa hivyo ni maji kwanza, spiriti baadaye, na bosi wangu, Dokta Gathoni, amebandika hayo maneno ukutani juu ya sinki kwa herufi kubwa. Chini yake amebandika mengine, kwamba kila chombo lazima kiwe na lebo. (Dokta Gathoni ni mama mdogo wa mwili, hapandishi sauti, na ndiyo maana tunamwogopa.) Hizo sheria mbili nilizivunja zote siku moja, na mbele ya watu.

Siku yenyewe tulikuwa tunaenda Bisil. Huko kuna duka la serikali la chanjo ya mifugo, liko na friji moja, na stima ikipotea usiku friji inalala, chanjo zinaharibika, na hakuna mtu anajua mpaka mbuzi waliochanjwa waanze kufa. Ilikuwa imetokea. Sisi tulitaka tupewe kachumba kalikokuwa kando ya hilo duka, tuweke seli yetu ilinde friji, lakini kachumba ni ka soko na soko liko na kamati ya wazee, na mwenyekiti wao, Mzee Lemayian, alikuwa amekataa. Alisema wameletewa masanduku ya kila aina na watu wa kila aina, yanafanya kazi siku ya picha, mwezi ukiisha ni ya kufugia kuku. Akasema kama sisi ni mafundi kweli, twende tutengeneze hiyo kitu mbele ya macho yao. Dokta akakubali, akanipa mimi niongoze, na akaniambia wazi kabisa kwamba Bisil wakikataa, mradi unafungwa na kazi yangu inaisha nao. Kwa hivyo mjue nilikuwa naenda kupigania nini.

Asubuhi nikatoa unga wangu kwenye oveni, mweusi, mkavu, mzuri, kazi ya wiki nyingi, karibu platini yote tuliyokuwa tumebaki nayo. Nikatafuta chupa za kioo, ziko ndani ya kabati, na kabati imefungwa, na ufunguo uko na Dokta, na Dokta ako kwa gari barabarani anapiga honi. Kumfuata ingenichukua dakika tano. Nikajaribu karatasi ya plastiki lakini huo unga unapenda plastiki sana, unajibandika kila mahali, nusu ingebaki humo. Hapo ndipo nikakumbuka mkebe wa ugoro wa Susu. Susu wangu anakaa Entarara, alikuwa amekuja kututembelea akausahau, na mimi nilikuwa nautembeza kwa mkoba nikingoja siku ya kuurudisha. Ni mkebe wa alumini, kifuniko kinabana vizuri, na nilikuwa nimeuosha na sabuni na maji moto mpaka ukang'aa (harufu ya ugoro ilikuwa bado imeganda kwenye kifuniko, hiyo nakubali). Nikamimina unga wote ndani. Lebo sikuweka. Nilijiambia ni safari ya saa moja na nusu na anayejua ni mimi, sasa lebo ni ya kumsomea nani?

Kajiado tukasimama kunywa chai na kumchukua Naserian, afisa wa mifugo ambaye ndiye anasimamia lile duka la chanjo. Nikatoa mkebe mfukoni nikauweka juu ya meza karibu na sukari, ndiyo nisiukalie. Naserian akautazama, akanitazama, akatabasamu. Baadaye aliniambia alikuwa anajiuliza moyoni kama wasichana wa Kitengela siku hizi wanaanza ugoro mapema hivyo, akaona hayo si yake.

Bisil ilikuwa imejaa. Kulikuwa na mbuzi kila mahali, vumbi, pikipiki, watu wa vitunguu na nyanya kutoka Kimana, na sisi tumewekewa hema na meza, na vipaza sauti viwili vimefungwa kwenye nguzo kule juu ili hata wa upande wa ng'ombe wasikie. Mbele kabisa kulikuwa na benchi la wazee wanne wa kamati, na kando yao, kwenye kiti cha plastiki, mgeni wa mradi kutoka Nairobi, mama mmoja amevaa suti ya krimu. Suti ya krimu, Bisil, siku ya soko. Hata mbuzi walikuwa wanamshangaa.

Nikaenda kusalimia wazee. Huku ukiwa mdogo unainamisha kichwa, mzee anakugusa utosini, na mimi nimejifunza hiyo vizuri, sitaki kuonekana Mkamba asiye na adabu. Mzee Lemayian akaniambia, "Takwenya," nikaitikia, "Iko," nikainama. Mkono mmoja nilikuwa na maikrofoni, mkono mwingine nimekumbatia mkebe. Aliponigusa kichwa nikasikia ametulia, anavuta hewa kidogo. Nilipoinua macho alikuwa amenyoosha kiganja mbele yangu, anangoja tu.

Sasa mtu yeyote aliyekaa na wazee wa Bisil anajua hicho kiganja kinaomba nini, na anajua hakinyimwi. Mimi pia nilikuwa najua! Susu wangu mwenyewe akikutana na mwenzake sokoni Loitokitok hawasalimiani kwa mdomo kabla ya mkebe kuzunguka. Lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa platini tupu. Nikafikiri, jameni, huyu ndiye mzee aliyetukataa, leo anataka kuona kichocheo changu kwa mkono wake, amevutiwa. Nilifurahi, nikawa kama mama aliyeombwa mtoto wake abebwe. Nikafungua mkebe nikamgongea kidogo kwenye kiganja. Akausugua kati ya vidole viwili, akatingisha kichwa kwa heshima, akaonyesha kwa kidevu kwamba anautaka na mkebe pia, na mimi nikampa.

Nikageukia umati nikaanza kuhubiri. Nilikuwa nimefika mahali pa sukuma wiki, na watu wanacheka vizuri, wanaelewa, moyo wangu unaruka, nikasikia nyuma yangu mtu amevuta pua. Mvuto mrefu, wa kitaalamu. Halafu wa pili, pua ya upande mwingine.

Nikageuka. Mzee Lemayian alikuwa ameketi wima, macho yamejaa maji, na mkebe wangu haukuwa kwake. Ulikuwa umepita kwa wa pili, umepita kwa wa tatu, na sasa uko kwa wa nne, mzee mmoja mnene, ndiye anafunga kifuniko taratibu, mtu mwenye adabu. Nikafungua mdomo nipige kelele, lakini Mzee Lemayian alinitangulia. Alipiga chafya ambayo, wueh, mbuzi walikata kamba. Wingu jeusi likatoka, likasafiri, likatua lote kwenye suti ya krimu. Wa pili akafuata, wa tatu akafuata, na yule mnene akafuata mara nne mfululizo, na mama wa Nairobi ameketi pale mikono juu kama mtu anayeporwa, madoadoa kutoka kola mpaka goti.

Dokta Gathoni akaja mpaka ubavuni mwangu, pole pole, na kwa ile sauti yake ya chini akaniuliza, "Mutheu, huo ni ule unga wetu?"

"Ndiyo, Dokta."

"Ulikuwa kiasi gani kwa mkebe?"

"Wote. Na sikuweka lebo."

Nilikuwa nimesahau maikrofoni. Sauti yangu ikaenda juu kwenye nguzo, ikateremka upande wa ng'ombe, ikafika kwa watu wa vitunguu, na kila mtu Bisil akajua kwamba msichana wa Kitengela amewapa wazee kitu kwenye pua na hakijaandikwa jina. Wakaanza kusogea. Mwingine anasema ni sumu, mwingine anasema ni masizi, mama wa kuuza chai kando ya hema anapiga kelele wapewe maziwa. Naserian ndiye aliyekuwa na akili, alimwita nesi wa zahanati mbio, wakawaosha wazee pua kwa maji safi, wakawasikiliza vifua mmoja baada ya mwingine. Mimi nimesimama pale naomba Mungu achukue kazi, achukue seli, achukue hata mkebe wa Susu, bora hao wazee wapumue. (Walipumua. Baadaye tuliwapeleka hospitali Kajiado wakapimwa, na daktari akasema hawana kitu, lakini wasirudie.)

Nesi alipomaliza, Mzee Lemayian akajipangusa masharubu, akaniita na kidole. Nikaenda nimepiga magoti nusu.

"Wewe msichana. Hii ugoro yako ni mbaya sana."

"Mzee, si ugoro. Nisamehe. Ni ile dawa ya kutoa stima."

"Haya," akasema. "Imenichoma pua mbele ya watu. Sasa nionyeshe kazi yake."

Dokta akanitazama, nikamtazama. Ndani ya mkebe kulikuwa kumebaki unga kidogo, pengine wa kutosha elektrodi moja ndogo, ile karatasi inayopakwa kichocheo. Mpango ulikuwa rahisi, unachanganya unga na maji, unaongeza spiriti na gundi yake, inakuwa wino, unaupaka na brashi kwenye karatasi ya kaboni, unakausha na ile mashine ya kukaushia nywele (tuliiazima saluni ya jirani yetu Kitengela), unaifunga ndani ya seli na skrubu, unafungulia gesi, feni ndogo inazunguka. Nimefanya hivyo mara nyingi, ningefanya hata nikiwa usingizini. Nikamimina unga kwenye kibakuli, watu wote wananitazama, nikashika chupa iliyokuwa karibu, nikamimina, na wakati huo huo pua yangu ikaniambia hii ni spiriti.

Moto ulianza kwa nukta nyekundu moja, halafu nyingine, halafu ukasikia fuu, kibakuli kikawa na moto. Mtungi wa gesi ulikuwa bado kwa gari umefungwa, namshukuru Mungu mpaka leo. Watu walitimua mbio, benchi likaanguka, mama wa suti akatoka na kiti kikiwa kimemng'ang'ania. Dokta hakukimbia. Alichukua kifuniko cha sufuria ya mama wa chai, akafunika kibakuli, akangoja, akafunua. Kulikuwa na jivu tu. Hapo ndipo nililia, sitawaficha, nililia machozi kabisa mbele ya mbuzi na watu, kwa sababu hakukuwa na unga tena, hakukuwa na kitu cha kuonyesha, na niliona kazi yangu imekwisha.

Nilipopangusa macho nikaona kuna mtu mmoja tu hajatoka mahali pake. Mzee Lemayian alikuwa amesimama pale pale mbele ya meza, fimbo chini ya kwapa, anachungulia kibakuli.

"Kiberiti kiko wapi?" akaniuliza.

"Hakukuwa na kiberiti, Mzee. Inawaka yenyewe ukiikosea."

"Yenyewe."

"Ndiyo."

Akageukia wenzake waliokuwa wanarudi, akawaambia kitu kwa Kimaasai, wakasogea wote. Kisha akanyoosha ule mkono wake wa kulia tena mbele yangu, lakini safari hii ngumi ilikuwa imefungwa. Akaifungua. Katikati ya kiganja, umeshikana kwa jasho, kulikuwa na unga mweusi.

"Nilikuwa nimebakisha ya baadaye," akasema.

Jamani. Mtumiaji wa ugoro hamalizi mara moja, hubakisha kidogo kwenye ngumi, hata Susu hufanya hivyo, anaweza kukaa ibada nzima akiwa amefunga mkono. Na huyu mzee alikuwa amepiga chafya, ameoshwa pua, amesikilizwa kifua, ameona moto, na hakufungua ngumi. Dokta akaguna, kwa sababu chumvi ya jasho na platini hazipatani kabisa. Lakini hata yeye akasema jaribu.

Nikachukua maji. Nilisema kwa sauti, "Maji kwanza," na watu wakaitikia kama kanisani, "Maji kwanza." Nikamwosha mzee kiganja kwenye kibakuli safi, nikaacha unga utulie chini, nikamwaga maji, nikaweka mengine, mara tatu, ndiyo chumvi ipungue. Ndipo spiriti, tone kwa tone. Nikapata wino wa kutosha kupaka kipande cha ukubwa wa stempu. Nikakausha, nikafunga skrubu, Dokta akaleta mtungi, akafungulia gesi.

Feni haikuzunguka. Tukangoja. Mbuzi wanalia, mimi nahesabu pumzi zangu. Naserian akainama akaipuliza kidogo kwa mdomo, na Dokta akamwambia taratibu asituibie ushindi. Halafu bawa moja likatikisika. Likasita. Likasogea tena, uvivu kabisa, likafuatwa na lenzake, na feni ikaanza kuzunguka polepole vile mzee anavyopanda kilima, lakini ilikuwa inazunguka, na mimi niliruka mpaka nikagonga paa la hema, na nikasikia soko lote limeruka pamoja na mimi.

Mzee Lemayian hakuruka. Aliweka kiganja chake mbele ya ile feni akasikiliza upepo, mkono ule ule. Akasema, bila maikrofoni, lakini tulimsikia, "Nilizika mbuzi thelathini na wawili kwa sababu ya friji inalala. Hii iwekwe. Kachumba ni kenu."

Ndivyo tulivyopata Bisil. Seli iko pale mpaka leo, yenye kichocheo kisicho na jasho la mtu, na friji haijalala. Mama wa suti ya krimu alituandikia akiomba tumlipie kufua, Dokta akamjibu kwa heshima kwamba tungependa sana kuipata hiyo suti, lakini si kuifua, ni kuichoma, tutoe platini yetu. Susu alipopata mkebe wake aliunusa, akaniuliza nimeuharibu na nini, na nilipomwambia alicheka mpaka akaita majirani.

Na mimi niliapa, na kiapo changu ni kifupi, kila chombo na lebo yake. Hata chumvi ya jikoni kwangu sasa iko na lebo, sukari iko na lebo, mume wangu anasema karibu nimbandike yeye. Nilidhani hiyo ingetosha, lakini Bisil bado hawaniamini. Juzi nilienda kukagua seli, nikamkuta Mzee Lemayian ameketi nje ya kachumba, ufunguo shingoni. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini, halafu nikatoa zawadi niliyotumwa na Susu, mkebe mpya wa ugoro halisi wa Entarara. Akaupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akasoma ile karatasi niliyobandika, akaisoma tena. Kisha akanirudishia.

"Wewe kwanza," akasema.

Nikanusa. Mimi mtoto wa kanisa, nikanusa mbele ya soko zima, nikapiga chafya mpaka nikaketi chini, na yeye akachungulia kamasi zangu vizuri, akaona si nyeusi, ndipo akanyoosha kiganja.